Hataza na Utambuzi wa Lugha ya Matini: Nani Anamiliki Mafungu ya Herufi Tatu?

Jina Ivuna lina maisha mawili katika maandishi. Katika Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, ni jina la kata iliyo upande wa Ziwa Rukwa, mahali penye chemchemi za maji ya chumvi. Katika vitabu vya sayansi ya anga ni jina la kimondo kilichoanguka hapo tarehe 16 Desemba 1938. Kimondo hicho kilikuwa na uzito wa gramu 705 tu, lakini kimelipa jina kundi zima la vimondo viitwavyo CI: herufi C inasimamia kaboni, na herufi I inasimamia Ivuna. Kwa hiyo neno hilo la lugha za Songwe limeenea duniani ndani ya matini za Kiingereza, Kijerumani na Kijapani, mbali na wasemaji wa mahali lilikotoka.

Kompyuta ikikutana na neno Ivuna peke yake haiwezi kujua kama matini iliyo mbele yake ni ya Kiswahili, ya Kiingereza au ya Kiwanda. Ili ijue, haina budi kutazama maneno yanayolizunguka na kuhesabu jinsi herufi zake zinavyofuatana. Hesabu hiyo inaonekana kuwa jambo dogo, lakini imewahi kuombewa hataza, na hataza hizo zimezua maswali ambayo mwanafunzi wa isimu, mfasiri na mwalimu wa Kiswahili wana haja ya kuyaelewa. Makala haya yanaeleza maana ya istilahi zinazohusika, namna programu inavyotambua lugha, mambo yanayobishaniwa katika hataza za aina hiyo, na sababu ya lugha za Songwe kubaki bila kutambuliwa ipasavyo hata baada ya hataza hizo kwisha muda.

1. Istilahi tatu zinazochanganywa

Hataza ni haki inayotolewa na dola kwa mvumbuzi ili, kwa muda maalumu, awazuie wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Naye mvumbuzi hulazimika kuueleza uvumbuzi huo hadharani, kwa ukamilifu unaomwezesha mtaalamu mwingine wa fani hiyo kuutekeleza. Muda ukiisha, uvumbuzi unakuwa wa watu wote.

Hakimiliki hulinda kazi kama ilivyoandikwa, ilivyochorwa au ilivyorekodiwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyozilinda kazi nyingine za uandishi. Anayenakili mistari ya programu ya mwenzake anakiuka hakimiliki. Anayeandika programu yake mwenyewe, kwa mistari yake mwenyewe, ili kufanya kazi ileile, hakiuki hakimiliki. Lakini anaweza kuwa anakiuka hataza, ikiwa njia anayoitumia imelindwa.

Alama ya biashara ni neno, mchoro au ishara inayotofautisha bidhaa za mfanyabiashara mmoja na za mwingine. Maneno ya Kiswahili "hakuna matata" yaliombewa usajili nchini Marekani na kampuni ya Disney mwaka 1994, yakasajiliwa mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Malalamiko yalipovuma mwaka 2018, jambo lililobishaniwa lilikuwa alama ya biashara. Hakuna hataza ya "hakuna matata", na haiwezekani kuwepo, kwa kuwa usemi wa kila siku si uvumbuzi. Mfasiri anayeandika "hataza" mahali pa "alama ya biashara" anabadilisha kesi nzima.

2. Programu inavyotambua lugha

Njia iliyoenea zaidi haihitaji kamusi wala sarufi. Matini hukatwakatwa katika mafungu mafupi ya herufi, aghalabu herufi tatutatu, na nafasi kati ya maneno huhesabiwa kuwa herufi mojawapo. Nafasi hiyo ikiandikwa kwa mstari wa chini, kirai "chumvi ya Ivuna" kinatoa mafungu 15:

_ch, chu, hum, umv, mvi, vi_, i_y, _ya, ya_, a_i, _iv, ivu, vun, una, na_

Mafungu kama _ya, ya_ na na_ yanajirudia mno katika Kiswahili, kwa sababu viunganishi na vihusishi vyetu ni vifupi na hutumika katika karibu kila sentensi. Mafungu umv na vun hutokea mara chache zaidi. Programu huandaliwa kwa kusomeshwa matini nyingi za kila lugha, ikahifadhi orodha ya mafungu yanayotokea mara nyingi zaidi katika lugha hiyo. Inapoletewa matini mpya huikatakata vilevile, ikalinganisha mafungu yake na orodha zote, kisha ikatangaza lugha ambayo orodha yake inakaribiana zaidi na matini hiyo.

Wazo la kuhesabu herufi ni la kale. Al-Kindi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, alieleza jinsi ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi zinazotokea mara nyingi. Mwaka 1913 Andrei Markov aliwasilisha hesabu ya mfuatano wa irabu na konsonanti katika herufi 20,000 za kazi ya Pushkin. Mwaka 1948 Claude Shannon alionyesha kwamba mtu akipanga herufi kwa kufuata takwimu za mafungu ya mbilimbili na tatutatu za Kiingereza, hupata mfuatano unaofanana na Kiingereza ingawa hauna maana. Majina haya yana uzito katika mjadala wa hataza, kama itakavyoonekana.

3. Hataza zenyewe

Tarehe 29 Oktoba 1991, Marekani ilitoa hataza namba 5,062,143 kwa uvumbuzi wa John C. Schmitt, mmiliki wake akiwa kampuni ya Harris. Njia iliyoelezwa humo ni karibu sawa na ile iliyofafanuliwa hapo juu. Matini inagawanywa katika mafungu ya herufi tatu. Mafungu hayo yanalinganishwa na seti teule ya kila lugha. Na uwiano wa mafungu yaliyooana ukifikia kiwango kilichowekwa, lugha hiyo inahesabiwa kuwa miongoni mwa zinazowezekana. Lugha yenye uwiano mkubwa kuliko zote ndiyo inayochaguliwa.

Mwaka 1995 ilifuata hataza namba 5,418,951 ya Marc Damashek, iliyomilikiwa na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani. Hiyo ilihusu kupanga na kutafuta nyaraka kwa lugha au kwa mada, kwa kutumia mafungu ya herufi ambayo kwanza yameondolewa yale yanayopatikana katika nyaraka zote. Mwaka 1996 kampuni ya IBM ilipata hataza namba 5,548,507, iliyoegemea orodha za maneno yanayotumika mara nyingi zaidi katika kila lugha.

Katikati ya miaka hiyo, watafiti wengine walikuwa wakichapisha kazi zao kwa uwazi. Mwaka 1994 William Cavnar na John Trenkle walieleza njia ya kupanga mafungu ya herufi kwa wingi wake na kulinganisha nafasi za mafungu hayo kati ya matini na lugha. Katika jaribio lao moja, usahihi ulifikia asilimia 99.8. Lugha walizozijaribu zilikuwa nane, zote za asili ya Ulaya. Makala hiyo ikawa msingi wa programu nyingi zilizogawiwa bure, na kila aliyeandika programu ya namna hiyo alipaswa kujiuliza: je, kazi hii imo ndani ya mipaka ya hataza ya mtu?

4. Mambo yanayobishaniwa

Ubishi juu ya hataza za utambuzi wa lugha unaweza kupangwa katika maswali matatu.

Swali la kwanza ni la upya. Hataza hutolewa kwa jambo ambalo halikujulikana kabla ya ombi kuwasilishwa. Yote yaliyokuwa yamechapishwa au kutumiwa hadharani kabla ya hapo huitwa maarifa tangulizi. Anayeshtakiwa kwa kukiuka hataza hutafuta kwanza maarifa tangulizi, na hapo ndipo Al-Kindi, Markov na Shannon wanapoitwa kutoa ushahidi. Hata hivyo, ushahidi wao hautoshi peke yake. Walihesabu herufi, lakini hawakueleza mashine inayochagua lugha moja kati ya nyingi kwa seti teule na kiwango maalumu.

Swali la pili ni la mawanda. Kinacholindwa na hataza ni kile kilichotajwa katika madai yake tu. Mfano wa Ivuna unaweza kusaidia. Mwaka 1968 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichapisha ripoti ya uchimbaji wao, wakaonyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi katika chemchemi za Ivuna karne nyingi zilizopita. Mtu akibuni leo chombo kipya cha kuchujia maji hayo, anaweza kuomba hataza ya chombo. Hawezi kudai chemchemi, wala kazi ya kuchuja iliyofanywa na vizazi vingi kabla yake. Vivyo hivyo, mwenye hataza ya kiwango fulani cha ulinganishaji hawezi kumzuia anayepanga mafungu kwa nafasi zake, ikiwa madai ya hataza hayakuitaja njia hiyo wala njia inayolingana nayo. Kwa sababu hii ubishi wa hataza ni, kwa sehemu kubwa, ubishi wa lugha: neno moja katika madai likisomwa kwa upana linawafungia wengi mlango, likisomwa kwa wembamba linawaachia njia.

Swali la tatu ndilo zito zaidi: je, hesabu inaweza kuwa uvumbuzi? Mwaka 1972, katika kesi ya Gottschalk dhidi ya Benson, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba utaratibu wa kubadili namba kutoka mfumo mmoja hadi mwingine haukustahili hataza. Mwaka 2014, katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, mahakama hiyo ilisema kwamba wazo dhahania haligeuki kuwa uvumbuzi kwa sababu tu linatekelezwa na kompyuta ya kawaida. Huko Ulaya, Mkataba wa Hataza wa mwaka 1973 unazitoa mbinu za kihisabati na programu za kompyuta nje ya uvumbuzi pale zinapoombewa hataza kama zilivyo. Lakini mwaka 2002, katika shauri la kampuni ya SYSTRAN kuhusu tafsiri ya mashine, bodi ya rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilikubali kwamba maarifa ya isimu yanaweza kupata sifa ya kiufundi yakitumika ndani ya mfumo wa kompyuta kutatua tatizo la kiufundi. Mlango haukufungwa kabisa, wala haukuachwa wazi.

5. Uvumbuzi na ugunduzi katika sheria za Afrika Mashariki

Hataza ina nguvu katika eneo la nchi iliyoitoa. Hataza za Marekani zilizotajwa hapo juu hazikuwa na nguvu Tunduma wala Nakonde kwa sababu tu zilitolewa Marekani. Tanzania Bara ina Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, Sura ya 217, inayosimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001. Mwombaji anaweza pia kupitia Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika (ARIPO) lenye makao yake Harare, chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982.

Sheria za Tanzania Bara na Kenya zinafanana katika jambo moja la msingi: ugunduzi na nadharia za kisayansi havihesabiwi kuwa uvumbuzi. Hapa mfasiri anapaswa kuwa mwangalifu sana. Katika mazungumzo ya kawaida, vitenzi "vumbua" na "gundua" hupishana, na kamusi nyingi huvifafanua kwa maana zinazokaribiana. Katika sheria ya hataza vinatenganishwa. Kugundua ni kukuta kilichokuwapo. Kuvumbua ni kuleta kilichokuwa hakipo. Mtu akibaini kwamba fungu ya_ hujirudia katika Kiswahili, amegundua jambo lililokuwapo katika lugha tangu zamani. Mtu akitengeneza kifaa kipya kinachotumia ukweli huo kwa namna isiyojulikana, huenda amevumbua. Sentensi isemayo "ugunduzi hauwezi kupewa hataza" ni kweli. Ukiweka "uvumbuzi" mahali pa "ugunduzi", umeifuta sheria yote.

Tofauti hiyo imepata uzito zaidi tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kwa sheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Maneno yaliyokuwa yakisomwa kwa Kiingereza na mawakili peke yao sasa yanahitaji visawe thabiti vya Kiswahili, na kisawe kinachoyumba kinaweza kumpa mtu haki asiyostahili au kumnyima anayostahili. Istilahi inayohusu programu hizi pia inahitaji uthabiti. "Utambuzi wa lugha" unafaa kuliko "ugunduzi wa lugha", kwa kuwa programu haikuti lugha mpya. Hutambua ile iliyokwisha kufundishwa.

6. Lugha za Songwe mbele ya mashine

Hataza za mwaka 1991, 1995 na 1996 zimekwisha muda. Njia zilizoelezwa humo ziko wazi kwa yeyote. Programu bora za siku hizi, zikiwemo CLD2 na fastText, hupatikana bure pamoja na mistari yake. Je, mwalimu wa Ivuna mwenye matini ya Kiwanda atatambuliwa lugha yake?

Kata ya Ivuna imo katika eneo la lugha zilizopangwa na Malcolm Guthrie katika kundi la M.20: Kiwanda (M.21), Kinyamwanga (M.22), Kinyiha (M.23) na jamaa zake. Kila moja ina msimbo wake wa kimataifa: Kiwanda ni wbh, Kinyamwanga ni mwn, Kinyiha ni nih. Kuwa na msimbo hakumaanishi kutambuliwa na programu. Kielelezo cha fastText kilichotolewa kwa umma kinazijua lugha 176, na kwa sehemu kubwa kimefunzwa kwa matini za Wikipedia. Lugha hizo tatu hazina Wikipedia. Kikipewa matini ya Kiwanda, kielelezo hicho hakina jibu la "sijui": kitachagua mojawapo ya zile 176, na lugha ya Kibantu yenye matini nyingi zaidi, kama Kiswahili, ina nafasi kubwa ya kuchaguliwa.

Ugumu wenyewe unaonekana katika majina ya lugha hizi kwa wenyewe. Kiambishi ambacho katika Kiswahili ni ki- kinatokea kama iki- katika Ikinyakyusa, na kama ishi- katika Ishinyiha na Ishimalila. Mafungu aky na kyu ya Ikinyakyusa si ya kawaida katika Kiswahili, hivyo yanasaidia kutofautisha. Lakini ish na shi ya Ishinyiha yamejaa katika Kiswahili, katika maneno kama "maisha", "kuishi" na "shida", na tena yanashirikiwa na Ishimalila. Hesabu ya matini fupi inaweza kupotoka kwa urahisi.

Tahajia nayo ina neno lake. Jina la Kiwanda huandikwa Iciwanda katika maandishi mengine na Ichiwanda katika mengine. Namna ya kwanza inafuata desturi ya kuandika c peke yake, inayotumika katika lugha za Zambia ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Ya pili inafuata Kiswahili. Kwa msomaji hilo ni jambo la mazoea. Kwa mashine, mafungu ici na ciw ni ishara kali kwamba matini si ya Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili Sanifu hakiandiki c bila h; mafungu ich na chi yanaisogeza matini ileile karibu na Kiswahili. Wanaoamua tahajia ya lugha ndogo huwa wanaamua pia, bila kukusudia, jinsi mashine itakavyoiona.

Upo mtego mwingine unaowahusu wafasiri moja kwa moja. "Kiwanda" kwa herufi kubwa ni lugha ya Wawanda. "Kiwanda" kwa herufi ndogo ni mahali pa kutengenezea bidhaa. Programu nyingi hugeuza herufi zote kuwa ndogo kabla ya kuhesabu, na hapo tofauti hiyo inapotea. Maneno "matini za Kiwanda" yanaweza kutafsiriwa na mashine kama maandishi ya kiwandani, na mfasiri asiyejua Songwe akayapitisha.

Dalili za mabadiliko zipo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia walitoa AfroLID, programu inayohusisha lugha na lahaja 517 za Afrika. Kazi ya namna hiyo inaonyesha kwamba kilichokuwa kikikosekana ni matini: hadithi, barua, mahubiri, matangazo na masomo yaliyoandikwa kwa tahajia inayoeleweka na kuhifadhiwa kwa jina sahihi la lugha yake. Orodha ya mafungu ya herufi tatu hutengenezwa kutokana na maandishi ya wasemaji. Pasipo maandishi, njia iliyo huru na njia iliyofungwa kwa hataza hutoa jibu moja lisilo sahihi.

7. Matumizi

Katika uandishi rasmi, nomino "hataza" hufuata upatanisho wa I-/ZI-: hataza hii, hataza hizi. Vitenzi vinavyoambatana nayo ni hivi:

kuomba hataza: kuwasilisha ombi kwa mamlaka husika;
kutoa hataza, kupewa hataza: tendo la mamlaka, na hali ya mwombaji aliyekubaliwa;
kukiuka hataza: kutumia uvumbuzi uliolindwa bila ruhusa;
kupinga hataza: kudai kwamba haikustahili kutolewa;
kubatilisha hataza: kuitangaza kuwa haina nguvu ya kisheria.

Hataza iliyofikia ukomo wa muda wake haikubatilishwa; imekwisha muda. Ya mwaka 1991 imekwisha muda, nayo madai yake yanaweza kusomwa na kutumiwa na mwanafunzi yeyote, pamoja na yule wa Ivuna anayetaka kuiandalia Kiwanda orodha yake ya kwanza ya mafungu ya herufi.